Kabla ya Kuilaumu Mota



Sisi tunaowaandikia ni mume na mke, mafundi wa kusuka mota. Huko nyumbani Kongo tulikuwa na karakana ndogo. Mmoja wetu alifungua na kufunga mota, mwingine alihesabu mizunguko ya waya na kusuka koili. Hapa kambini tumeendelea na kazi hiyo kadiri tulivyoweza: mota za vinu vya kusagia, feni, vyerehani vya umeme, na siku nyingine pampu ya maji. Wengi mnatufahamu kwa harufu ya vanishi inayotoka nyumbani kwetu.

Mwezi huu tunataka kujibu swali ambalo vijana wanaojifunza umeme hutuuliza mara kwa mara. Wanasema: "Mzee, mama, haya ya vinu tunayojifunza hapa, siku moja tukifika kwenye viwanda vya kompyuta yatatufaa nini?" Swali ni zuri. Kwa bahati tunalo jibu ambalo halikutoka kwenye kitabu, limetoka kwa mtoto wetu wa kwanza.

Mtoto huyo aliondoka kambini mwaka 2016 kwenda Marekani, akafikia jimbo la Michigan. Baada ya kazi mbili tatu za usafi na kufunga maboksi, alipata kazi kwenye kiwanda kidogo kinachokata vipande vya chuma kwa mashine za CNC. Yeye si fundi umeme pale. Kazi yake ni kufunga chuma kwenye meza ya mashine, kubonyeza kitufe cha kuanza, kupima kipande kikitoka, na kuangalia mashine isiharibike. Kutokana na mshahara wake, wadogo zake wawili walikuwa wanasoma. Kwa hiyo mnaelewa: ile mashine iliyoko mbali hivyo ilikuwa inatuhusu na sisi.

Juni 2023 alitupigia simu. Kwao ilikuwa saa nane na nusu mchana, ametoka zamu. Kwetu ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Papa, mashine inazima yenyewe. Banasema ni miye naigongesha." Yaani mashine yake ilikuwa ikitoa alamu na kusimama katikati ya kazi, kipande kinaharibika. Mafundi walibadilisha mota moja, tena kwa bei kubwa. Siku mbili ikafanya kazi vizuri, siku ya tatu ugonjwa ukarudi. Sasa msimamizi alikuwa ameanza kusema kwamba huenda tatizo si mashine, ni mtu anayeiendesha. Kijana wetu alikuwa anafikiria kuacha kazi kimya kimya kabla hajafukuzwa.

Mama yake alimjibu hivi: "Ukiondoka leo, lawama itabaki na jina lako. Kaa kwanza tujue mashine inaumwa wapi."

Kabla hatujaendelea, tueleze mashine yenyewe kwa ufupi. CNC ni mashine ya kukata chuma au mbao inayoongozwa na kompyuta. Habari zake si za jana. Chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma inayoongozwa kwa namba mwaka 1952, wakati huo maagizo yakiwa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Siku hizi maagizo yako ndani ya kompyuta. Meza inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, na kichwa cha kukatia kinapanda na kushuka. Kila mwendo una mota yake. Hizo ndizo mota zinazoitwa sevo.

Mota ya kinu, ukiipa umeme inazunguka, basi. Haijui imezunguka mara ngapi wala haijali. Mota ya sevo ni tofauti. Nyuma yake imefungwa kifaa kidogo kinachoitwa enkoda, ambacho kazi yake ni kutoa taarifa: "Sasa nimefika hapa, sasa nimefika hapa." Kati ya kompyuta na mota kuna kisanduku kinachoitwa draivu, ndicho kinachopima umeme wa kuipa mota. Kompyuta inaagiza, draivu inasukuma, mota inazunguka, enkoda inajibu. Maswali na majibu hayo hupita mara nyingi sana ndani ya sekunde moja.

Ni kama kumtuma mtoto dukani usiku, ukamwambia aite kila baada ya hatua chache ili ujue yuko salama. Akinyamaza ghafla, utasimamisha kila kitu na kutoka nje. Huenda mtoto hajaanguka. Huenda ni upepo tu umechukua sauti yake. Lakini wewe huwezi kujua, lazima usimame. Mashine nayo inafanya vivyo hivyo. Jibu la enkoda likikatika, au mahali mota ilipo pakiachana mno na mahali ilipoagizwa, inapiga alamu na kuzima mwendo.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Alamu inataja mwendo wa meza, wao wanasikia "mota imekufa". Sisi wa vinu tunaujua ugonjwa huu wa kufikiri. Ni mara ngapi tumeletewa mota ya kinu tuisuke upya, tukaipima tukaikuta nzima kabisa? Kumbe fezi moja imekatika njiani: fyuzi imeungua, au kontakta imechomeka ncha, au waya umelegea kwenye skurubu. Mota ya fezi tatu ikikosa fezi moja inanguruma bila kuanza, na ikiwa inazunguka tayari inapata joto kali. Ukiisuka upya bila kutafuta ile fezi, utaunguza koili mpya kama ile ya zamani, na pesa ya mwenye kinu imekwenda.

Basi usiku ule tulimwambia kijana mambo mawili. La kwanza: usifungue kabati lolote. Pale kiwandani kabati la umeme hufunguliwa na fundi aliyeruhusiwa peke yake, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu ndani mna umeme wa kuua. La pili: kuanzia kesho nunua daftari. Kila mashine ikisimama, andika kabla hujabonyeza kitufe chochote. Andika saa. Andika namba ya alamu iliyo kwenye skrini. Andika meza ilikuwa mahali gani, maana skrini inaonyesha. Andika ilikuwa inakwenda upande gani. Andika kama ilikuwa inakata chuma au inapita hewani tu. Na kile kipimo cha mzigo cha mota kwenye skrini, andika kilisoma asilimia ngapi.

Alilalamika kidogo. "Mama, nitaandika yote hayo, wakati wanasema nachelewesha kazi?" Mama yake akamwambia aandike kwa kifupi, namba tupu, maneno atayajaza akitoka zamu.

Baada ya zamu 8 alipiga simu, akatusomea daftari. Mashine ilikuwa imesimama mara 11. Tuliandika namba zake zote kwenye karatasi, mmoja anasikiliza, mwingine anaandika, simu ikiwa na chaji kidogo. Kisha tukaziangalia kwa utaratibu.

Mara 9 kati ya zile 11, meza ilikuwa upande wa kulia kabisa, kati ya inchi 22 na inchi 24. Mara nyingine 2 ilikuwa karibu na hapo. Saa hazikufanana: asubuhi, katikati ya zamu, mwisho wa zamu. Kwa hiyo joto la mchana halikuwa sababu. Mara 4 mashine haikuwa inakata kitu, meza ilikuwa inapita tu. Kipimo cha mzigo kilikuwa chini kila mara, hakikuruka. Na alamu ilikuwa ile ile: ya kukosa mawasiliano ya enkoda, si ya mota kuelemewa.

Ndugu zetu, mota haijui kama meza iko kulia au kushoto. Yenyewe inazunguka palepale ilipofungwa. Ingekuwa koili yake imeungua, au enkoda yake imekufa, ugonjwa ungetokea mahali popote. Ugonjwa unaochagua mahali unatoka kwenye kitu kinachosafiri au kujikunja kufuatana na meza. Hapo yako mambo mawili. Moja ni upande wa chuma: skurubu ndefu inayosukuma meza imeumia sehemu hiyo, au mabaki ya chuma yamejibana, au mafuta hayafiki. Lakini hilo lingepandisha kipimo cha mzigo, kwa sababu mota ingesukuma kwa nguvu. Kipimo kilikuwa kimetulia. Likabaki la pili: kebo.

Kebo za mashine hizi hupita ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujikunjua kila meza inapotembea, siku nzima, miaka na miaka. Nyuzi za shaba ndani ya waya huchoka na kukatika, huku ganda la nje likionekana zima. Kebo ikinyooka, ncha zinagusana na umeme unapita. Ikijikunja mahali pale, ncha zinaachana. Ni ugonjwa ule ule wa waya wa chaja ya simu, ambao unaushika kwa kidole usiku kucha ili simu ipate moto. Nani hapa kambini hajawahi kuushika?

Hata zile siku mbili za nafuu zikaeleweka. Wakati wa kubadili mota, mafundi walikuwa wamechomoa plagi na kuivuta kebo. Kuivuta huko kunaweza kuzikutanisha ncha kwa muda, watu wakafikiri mota mpya imeponya.

Tulimwambia asiende kusema "wazazi wangu wa kambini wamesema". Aende na daftari tu. Akaenda kwa fundi wa zamu, akamwonyesha safu ile ya namba za mahali, 22, 23, 23, 24, bila maneno mengi. Fundi alinyamaza, akasoma mara mbili. Siku iliyofuata alizima mashine, akaweka kufuli lake kwenye swichi kuu, akafungua mnyororo wa plastiki. Alipima kebo ya enkoda huku akiikunja kidogo kidogo kwa mkono. Ilipofika kwenye kona, mita ikapoteza njia. Kebo ilibadilishwa. Mashine ikaendelea na kazi.

Hatusemi kijana alipewa cheo. Hakupewa. Lakini maneno ya kwamba anaigongesha mashine yalikoma, na wadogo zake walirudi shule muhula uliofuata. Kwetu hayo si madogo.

Sasa kwa vijana ambao siku moja mtakuwa ninyi wenye ruhusa ya kufungua kabati, tunaongeza haya, kwa sababu mota ya sevo ina mambo yake.

Kwanza ni usalama. Kuzima swichi hakutoshi. Ndani ya draivu kuna kapasita kubwa zinazobaki na umeme. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja unafika volti 325 hivi, na wa volti 400 unafika 565 hivi. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko cha draivu, kisha pima kwa mita uhakikishe umekwisha. Pia ule mwendo wa kupanda na kushuka una bereki ndani ya mota. Ukiifungua mota bila kuweka gogo imara chini ya kichwa cha mashine, kinaweza kukushukia.

Pili, tazama kabla ya kupima. Chomoa plagi za mota uangalie ndani. Maji ya kupozea chuma, yale meupe yenye mafuta, hupenya kwenye plagi na kufanya kutu ya kijani. Ukikuta unyevu, safisha, kausha, badilisha mpira wa kuzuia maji. Mota nyingi zimehukumiwa kufa kwa sababu ya plagi iliyolowa.

Tatu, pima koili. Mota nyingi za sevo za siku hizi zina fezi tatu, zimeandikwa U, V na W. Chomoa kebo kwenye draivu, pima U na V, V na W, W na U. Namba tatu zifanane. Kwenye mota kubwa huwa ndogo sana, chini ya omu moja, na mita ya bei rahisi itakudanganya. Kama jirani yake ni mota ya aina hiyo hiyo, ipime nayo ulinganishe.

Nne, pima kinga kati ya koili na mwili wa mota, kwa megga ya volti 500. Hapa msisahau: megga isiguse draivu wala waya za enkoda, itaziua. Tenga mota kabisa ndipo upime. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: megaomu 100 na zaidi ni nzima, kati ya 10 na 100 kinga imeanza kuchoka, ifuatiliwe, kati ya 1 na 10 imechoka sana, chini ya 1, mota isirudi kazini. Pima mota ikiwa na kebo yake, kisha mota peke yake. Namba mbaya ikipona baada ya kutenga kebo, kumbe mgonjwa ni kebo.

Tano, kwa asiye na megga ipo njia ya mkono. Mota nyingi za sevo zina sumaku ndani, kama dainamo ya baiskeli. Mota ikiwa nje ya mashine na waya zake haziguswi na kitu, zungusha shafti kwa mkono. Itazunguka kwa wepesi. Sasa unganisha U, V na W pamoja, zungusha tena. Utasikia inakataa, inavuta kama iko ndani ya uji. Hiyo ni nzima. Lakini ikiwa inavuta vile hata waya zikiwa wazi, koili zake zinagusana ndani. Hakikisha kwanza si bereki iliyoshika, maana mota yenye bereki haizunguki mpaka bereki ipewe umeme wake, mara nyingi volti 24.

Sita, mota inayolalamika kuelemewa uipime bila mzigo. Itenge na mashine, iendeshe peke yake taratibu. Ikitulia, tafuta kwenye chuma: mafuta, beringi, mabaki yaliyojibana, au bereki isiyofunguka. Na kama kuna miendo miwili yenye draivu na mota za aina moja kabisa, fundi mkubwa anaweza kuruhusu mbadilishane kifaa kimoja tu. Alamu ikihama pamoja na kifaa, umempata mgonjwa. Ikibaki palepale, kifaa hicho hakina kosa.

Jambo la mwisho ni la sisi wasukaji. Tamaa ya kuifungua mota ya sevo na kuisuka kama ya kinu ipo, lakini izuieni. Sumaku zake zina nguvu za kubana vidole, na enkoda imepangwa sawasawa na sumaku hizo. Ukiirudisha imepinda kidogo, mota inaweza kutetemeka, au kukimbia yenyewe bila kuagizwa. Kazi hiyo inataka vifaa vyake.

Kwa hiyo vijana, jibu letu kwa swali lenu ni hili. Kile kinu mnachokidharau kinawafundisha kuuliza umeme umepita wapi na umekwamia wapi. Swali hilo halibadiliki mashine ikiwa na kompyuta. Kinachoongezeka ni enkoda, draivu, na namba nyingi za kusoma. Anzeni sasa kuandika. Mota ya kinu ikizima, kabla hujashika spana andika: imezima saa ngapi, ilikuwa na mzigo gani, ilinguruma au ilinyamaza, ilinusa nini, na ni mara ya ngapi. Baada ya mwezi mmoja mtashangaa jinsi daftari linavyoongea.

Na ninyi wazazi, mtoto akipiga simu kutoka mbali akisema kazi imemshinda, msiwe wepesi kumwambia avumilie tu, wala kumwambia aache. Mwulizeni shida inatokea wapi, saa ngapi, na mara ngapi. Hata asiyejua umeme anaweza kuuliza hivyo.

Mwenye mota inayomsumbua aje nyumbani kwetu jioni, aje na maelezo yake yameandikwa. Tutaanza na waya.

Ni sisi wazazi wenzenu, mafundi wa kusuka mota.